Kisa cha bango la miaka 80,000: klabu ya sekondari Mwanza ilivyotafuta njia ya kometi, ya nyuma na ya mbele

Mazingira

Kisa hiki kimetokea Mwanza, upande wa Ilemela, Oktoba 2024, na nakiandika kwa ajili ya walimu na vijana wa klabu za sayansi, maana kometi nyingine ikija jambo hilihili litajirudia. Majina ya shule, mwalimu na wanafunzi nimeyaondoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike, ila hesabu zote ziko vilevile. Mimi nilikuwepo kama mtu wa kusaidia, wenye kazi walikuwa mwalimu wa fizikia na vijana wake, pamoja na mzee mmoja mstaafu wa upimaji ardhi anayeishi jirani na shule ambaye vijana wanamheshimu sana.

Kometi yenyewe ni C/2023 A3, inaitwa Tsuchinshan-ATLAS. Ilionekana kwanza China, kituo cha Purple Mountain, 9 Januari 2023, halafu 22 Februari mwaka huohuo darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ikaikuta tena bila kutegemea ile ya kwanza. Wakati huo ilikuwa bado mbali, kama AU 7 kutoka kwenye Jua (AU moja ni umbali wa Dunia na Jua, km milioni 150 hivi). Tarehe 27 Septemba 2024 ikapita karibu kabisa na Jua, AU 0.39, yaani umbali kama wa Utaridi, na 12 Oktoba ikatupita sisi kwa km milioni 71 hivi. Kuanzia hapo ikawa inaonekana jioni magharibi, na magharibi ya Mwanza ni ziwani, hakuna mlima wala ghorofa linalokuziba. Kwa hiyo shule ikapanga jioni ya wazazi ufukweni, mkuu wa shule akakubali, na bango likachapishwa mapema stationery moja mjini.

Kwenye bango, kwa herufi kubwa: KOMETI INAYORUDI KILA BAADA YA MIAKA 80,000.

Namba hiyo hawakuitunga. Ilikuwa kila mahali, redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp, magazeti ya nje, na wengi waliongezea kwamba mara ya mwisho ilionwa na watu wa zama za mawe. Ni sentensi tamu na mtu akiisikia anaikumbuka, ndo maana ilikaa.

Mambo yalivyoanza

Binti mmoja wa kidato cha tano alipewa kazi ya kutafuta mahali kometi itakapokuwa kila jioni. Mwalimu akamwelekeza atumie Horizons, ule mfumo wa JPL, maabara ya NASA, ambao uko wazi mtandaoni bure, unachagua kitu, unachagua tarehe, unachagua unakipimia kutoka wapi, unapewa jedwali. Katika kuchezea mipangilio akafungua vipimo vya obiti yenyewe (njia ya kometi kuzunguka Jua), akaona eksentrisiti, yaani kipimo cha umbo la obiti, imeandikwa karibu 1.0001. Akarudi kwa mwalimu na swali ambalo mimi naliona ndo moyo wa kisa chote: kama darasani tumefundishwa eksentrisiti chini ya 1 ni duaradufu, kitu kinazunguka na kurudi, na juu ya 1 ni hiperbola, kitu kinaondoka moja kwa moja, sasa hii inayorudi kila miaka 80,000 inarudije?

Mwalimu hakumjibu papo hapo. Akamwambia, "Hebu tafuta na muda wake wa kuzunguka," na binti akaleta namba inayoanza na 9.99 halafu mwishoni E+99. Wenzake wakashangilia kwamba kometi ina muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu. Kumbe ule sio muda wa kitu chochote, hiperbola haina muda wa kuzunguka, na mfumo unajaza namba kubwa kupita kiasi kwa sababu nafasi ya jedwali haiwezi kuachwa tupu. Hili naliandika makusudi maana nimeona watu wazima pia wakilinakili kama jibu.

Wakafanya hesabu kwa mkono ubaoni, na ni hesabu ambayo kidato cha tano anaiweza. Muda wa miaka ni nusu-kipenyo kirefu cha duaradufu, kwa AU, ukikipandisha kipeo cha 1.5. Kwa hiyo miaka 80,000 inadai nusu-kipenyo cha AU 1,856 hivi. Eksentrisiti ni 1 toa umbali wa karibu kabisa gawa kwa hiyo 1,856, inatoka 0.99979. Darasa zima likanyamaza kidogo, kwa sababu tofauti kati ya kometi inayorudi baada ya miaka 80,000 na kometi isiyorudi kabisa ilikuwa kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta, 0.9998 na 1.0001.

Mzee aliuliza mmesimama wapi

Jioni moja mzee mpimaji akapita pale shuleni, vijana wakampa shikamoo, wakamwonyesha jedwali. Akasikiliza, akauliza swali moja, "Wanangu, hizi namba mmezipima mkiwa mmesimama wapi?" Kwake ni jambo la kawaida, ukipima kiwanja kutoka kwenye bikoni (alama ya mpaka) inayosogea basi mipaka yote inasogea na ramani haina kosa, kosa liko kwenye bikoni.

Na bikoni yao kweli ilikuwa inasogea. Horizons walikuwa wameiomba vipimo kutoka katikati ya Jua. Lakini Jua halijatulia, Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, analivuta, na japo masi yake ni sehemu moja tu kati ya 1,047 ya Jua, anatosha kulizungusha Jua kwa mwendo wa mita 12 na nusu hivi kwa sekunde, mzunguko mmoja kila miaka karibu 12. Kinachotulia ni kitovu cha masi cha mfumo mzima, Jua pamoja na sayari zote.

Mita 12 kwa sekunde sikiliza inavyoonekana ndogo. Ila kometi ikiwa AU 100 kutoka hapa inatembea km 4.2 tu kwa sekunde, na ukiingiza ile mita 12 na nusu kwenye hesabu ya nishati yake, kinyume cha nusu-kipenyo (wenyewe wanaandika 1/a, na ndicho kipimo halisi cha nishati ya obiti) kinayumba hadi 0.0001 juu na chini. Sasa kometi zinazotoka Wingu la Oort, lile kundi la kometi lililo mbali sana pembezoni mwa mfumo wa Jua, zina 1/a ya kiasi cha 0.00002 mpaka 0.00005. Yaani mtikisiko wa bikoni ni mkubwa kuliko kitu chenyewe unachokipima. Binti akarudia kuomba vipimo vya kutoka katikati ya Jua kwa tarehe tofauti za karne ya 20, kometi ikiwa bado mbali huko: tarehe moja duaradufu, ukisogeza miaka sita hivi hiperbola, ukisogeza tena duaradufu. Kometi haikufanya chochote. Akabadilisha kituo cha kupimia, kutoka Jua kwenda kitovu cha mfumo, na namba zikatulia, unasogeza tarehe na hazitikisiki.

Mimi hapo ndo nilianza kuona kwamba hawa vijana watafika mbali kuliko bango lao.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuuliza "muda wake ni miaka mingapi" na kuuliza maswali mawili tofauti: alivyokuwa anakuja alikuwa kwenye obiti gani, na akishaondoka atakuwa kwenye obiti gani. Sababu ni sayari. Kometi ikipita katikati ya sayari inavutwavutwa, hasa na Mshtarii, inaongezwa au inapunguzwa nishati, na inayotoka sio ileile iliyoingia. Namba inayosomwa ikiwa katikati ya sayari, siku ileile inapong'aa na waandishi wanaitafuta, ni ya njiani, sio ya nyuma wala ya mbele. Kwa hiyo wakachagua mwaka 1900 kwa upande wa nyuma na 2150 kwa upande wa mbele, miaka ambayo kometi hii iko kama AU 140, mbali kabisa na Neptuni aliyeko AU 30, na pande zote mbili kupimia kutoka kitovu cha mfumo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kujaribu njia yao kwanza kwa kometi ambayo jibu lake linajulikana. Wakachagua Hale-Bopp, iliyopita karibu na Jua 1 Aprili 1997. Ile ilikuja na muda wa miaka 4,200 hivi, Aprili 1996 ikampitia Mshtarii kwa AU 0.77, na ikaondoka na muda wa miaka 2,500 na kitu. Kwa 1/a ni kutoka 0.0038 kwenda 0.0054. Njia yao ikatoa majibu hayohayo, na wakaongeza kometi NEOWISE ya 2020, ambayo ilikuja na miaka 4,500 hivi ikaondoka na 6,800. Hii ilinifurahisha kwa sababu moja inapungua na nyingine inaongezeka, hivyo mwanafunzi haondoki na wazo kwamba sayari siku zote hufanya kazi ya aina moja.

Kulikuwa na njia nyingine mezani. Kijana wa kidato cha sita alikuwa ameandika programu yake mwenyewe kwa Python, Jua katikati limetulia kwenye sifuri, Mshtarii anazunguka, kometi inapita. Ni kazi nzuri kwa umri wake na aliifanya usiku bando likiwa limeisha na umeme unakatika. Akaijaribu kwa Hale-Bopp, ikakosea kwa miaka mia kadhaa tu kati ya elfu nne na kitu, wote wakapiga makofi. Mwalimu akataka waitumie hiyo kwenye A3 kwa sababu ni ya kwao. Mzee akapinga, kwa upole lakini akapinga, na hoja yake ikashinda: Jua limefungwa pale pale, kwa hiyo ile bikoni inayosogea imerudi kwa mlango wa nyuma. Wakaamua watumie Horizons kwa jibu, maana inabeba sayari zote na Jua linalotembea, na programu ya kijana itumike kuonyesha wageni kwa macho namna kometi inavyopinda.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa bango, na ndo ulikuwa mgumu kuliko yote. Hela ilishalipwa. Mkuu wa shule alisema, na alikuwa na haki yake, kwamba mgeni rasmi ameshaambiwa miaka 80,000 na redio zinasema miaka 80,000. Mwalimu alimwendea akiwa na karatasi moja tu yenye zile eksentrisiti mbili. Hakuomba bango jipya, aliomba ruhusa ya kubandika karatasi juu ya mstari mmoja. Ikakubaliwa.

Matokeo

Kwa upande wa nyuma jibu lilitoka wazi: obiti ya 1900 ni duaradufu ndefu sana, ya aina ya kometi za Wingu la Oort, muda wake unahesabika kwa mamilioni ya miaka. Miaka 80,000 haipo hapo. Kwa upande wa mbele hawakuandika mwaka wowote. Karatasi iliyobandikwa ilisomeka: INATOKA MBALI, SAFARI YA MAMILIONI YA MIAKA, NA SAYARI ZIMEIBADILISHIA NJIA.

Jioni ya kwanza mawingu ya vuli yalifunga na watu wakarudi nyumbani. Ikahamishiwa jioni nyingine, na saa moja na robo, Zuhura ikiwa imeshawaka juu ya maji, kometi ikaonekana upande wa kulia wake, mkia umesimama. Mwezi ulikuwa unaelekea kujaa (ulijaa 17 Oktoba), ukafifisha mkia lakini ukaleta faida ambayo wavuvi ndo walitueleza: mwezi mkubwa dagaa hawavuliwi, kwa hiyo taa za mitumbwi hazikuwepo ziwani na upeo wa magharibi ulikuwa mweusi kuliko wiki za giza.

Swali la wazazi lilikuwa lilelile, itarudi lini. Binti alijibu kwamba wajukuu wa wajukuu zetu hawataiona, na kwamba aliyeandika mwaka kamili amesoma namba ya njiani. Baadhi waliridhika. Mgeni rasmi hakuridhika na alisema wazi alitarajia namba.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichokwama

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuhamia 1/a badala ya miaka. Miaka inadanganya. Chukua 1/a ya 0.000100, ni nusu-kipenyo cha AU 10,000, muda miaka milioni moja. Ipunguze iwe 0.000050, miaka milioni 2.8. Ifanye 0.000020, miaka milioni 11. Ipunguze kidogo tena ivuke sifuri na hakuna kurudi. Ukitazama kwa 1/a umesogea hatua ndogondogo tu, ukitazama kwa miaka unaona kama kila mtu anasema lake. Jan Oort, mwanaastronomia Mholanzi ambaye wingu lile lina jina lake, mwaka 1950 alifanya hivyohivyo, alikuwa na kometi chache tu zilizopimwa vizuri, 19, akazipanga kwa 1/a ya asili, yaani ya kabla sayari hazijazivuta, na kuona nyingi zimerundikana karibu kabisa na sifuri, upande wa chanya. Kwa miaka usingeliona rundo lile. Na kuna jambo vijana waliligundua wenyewe kwa kulinganisha: Hale-Bopp ilisukumwa kwa 0.0015, NEOWISE kwa 0.0009, wakati kometi ya Oort inaingia ikiwa na 0.00005 au pungufu. Msukumo wa kawaida wa sayari ni mkubwa mara nyingi kuliko nishati yote inayoifunga kometi mpya kwenye Jua, kwa hiyo ikishapita mara moja tu, ama inatupwa nje ama inavutwa ndani iwe na obiti fupi zaidi, kubaki ilivyokuwa ni nadra. Mimi nadhani hili lilistahili kuwa kwenye bango kuliko namba yoyote.

Jaribio la Hale-Bopp lilikuwa sahihi kufanya lakini lilitumika vibaya kwa programu ya kijana. Hale-Bopp ina 1/a ya 0.0038, kosa la sehemu chache za 0.0001 linajificha humo, unapata jibu zuri na makofi. Kosa hilohilo kwenye kometi ya Oort linameza jibu zima. Kwa hiyo anayetaka kupima njia yake ajaribu kometi ngumu kama yake, sio rahisi kuliko yake. Kijana hakuvunjika moyo, baadaye akaliachia Jua litembee na akaongeza Zohali.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa mpaka wiki ya mwisho ni gesi. Mwanaastronomia Fred Whipple alieleza mwaka 1950 kwamba kiini cha kometi ni barafu iliyochanganyika na vumbi, na barafu ikipata joto gesi inachomoka upande mmoja na kukisukuma kiini upande wa pili, kidogo sana, lakini kwa kitu kilichopita AU 0.39 kutoka kwenye Jua sio kidogo cha kudharau. Tangu 1973 hesabu zinaingiza msukumo huu kwa mfumo uliowekwa na Marsden, Sekanina na Yeomans. Ukiuacha, kometi nyingi zinaonekana za hiperbola kuliko zilivyo. Na unahusu zaidi upande wa mbele, kwa sababu gesi inachomoka kwa nguvu karibu na Jua, baada ya vipimo vingi vya safari ya kuja kuwa vimeshakusanywa. Hii ndo sababu ya msingi ya kutoandika mwaka kwa upande wa mbele, na ilitakiwa isemwe kwa mgeni rasmi kwa sentensi moja. Haikusemwa, badala yake walimwonyesha grafu tatu za 1/a gizani kwenye simu, hakuna mzazi aliyezielewa.

Swali moja la mwanafunzi wa kidato cha pili lilipita bila kujibiwa siku ile na lilikuwa zuri: kama eksentrisiti imezidi 1, mbona hatusemi imetoka nyota nyingine? Julai 2025 jibu likaja lenyewe. 3I/ATLAS, kometi iliyotoka nje ya mfumo wetu wa Jua, iligunduliwa 1 Julai, eksentrisiti yake ni zaidi ya 6, ilikuwa inakuja kwa kasi ya kama km 58 kwa sekunde hata kabla Jua halijaanza kuivuta kwa nguvu. Hapo huhitaji kujua umepimia kwenye Jua au kwenye kitovu, mtikisiko wa mita 12 haubadilishi chochote. Ile 1.0001 ya A3 ni ya kometi ya kwetu iliyoazimwa nishati kidogo na sayari ilipokuwa njiani.

Kilichobaki sasa ni upande wa mbele, na klabu wanaufanya kama unavyotakiwa kufanywa. Wanachukua obiti pamoja na makosa yake ya vipimo, wanatengeneza nakala nyingi zinazotofautiana kidogo ndani ya makosa hayo, kila nakala wanaipeleka mpaka 2150, wanaipima kutoka kitovu cha mfumo, halafu wanahesabu ngapi zimebaki zimefungwa na Jua na ngapi zimeondoka. Wazazi wakiuliza safari ijayo wanataka kujibu kwa hesabu hiyo, kati ya kila nakala kumi ngapi zinarudi, na mwalimu ameshamwomba mkuu wa shule nafasi ya kuchapisha hivyo.